Safari Isiyofanyika: Haja na Wajibu katika Mabasi ya Mkoa wa Katavi

Neno "mahitaji" katika Kiswahili cha leo limebeba mizigo miwili isiyolingana uzito. Mchumi anapozungumzia ugavi na mahitaji, humaanisha kiasi cha bidhaa au huduma ambacho watu wako tayari kukilipia kwa bei fulani. Ofisa ustawi wa jamii, muuguzi au padri anapotaja mahitaji ya familia, humaanisha kile ambacho familia hiyo ikikikosa itaumia, iwe ina fedha za kukilipia au haina. Kwa kuwa neno ni moja, ni rahisi mtu kuanza hoja kwa maana ya pili na kuimaliza kwa maana ya kwanza bila mwenyewe kutambua, na hapo ndipo tathmini za usafiri wa vijijini hupotea njia. Huhesabiwa abiria waliopanda basi, hupatikana idadi, na idadi hiyo huitwa mahitaji. Kumbe kilichohesabiwa ni safari zilizofanyika, nazo safari zilizofanyika ni habari za wale ambao tayari walikuwa na nauli, afya, ruhusa na barabara inayopitika. Safari isiyofanyika haikatiwi tiketi.

Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 na kuwekewa makao makuu Mpanda, ni mahali ambapo tofauti ya maana hizi mbili haiwezi kuachwa kwa watunga kamusi peke yao. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 564,604 katika eneo hilo, na ile ya 2022 ikahesabu 1,152,958, maana yake mkoa uliongezeka zaidi ya maradufu katika miaka kumi. Hata hivyo, kwa kuwa eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 45,000, na sehemu kubwa ni misitu na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, wastani hauko mbali na watu 25 kwa kilomita moja ya mraba. Wakonongo wa upande wa Inyonga wenye asali na tumbaku, Wapimbwe wa bonde la Maji Moto na Usevya wenye mpunga, Wabende wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, pamoja na wakulima na wafugaji wengi waliohamia kutoka Usukuma, wote wametawanyika mbalimbali. Mabasi ya mikoani hutoka stendi ya Mpanda kwenda Tabora, Mwanza, Mbeya na Dar es Salaam, na barabara ya Tabora kupitia Koga, iliyokuwa ya vumbi na tope kwa vizazi, sasa ina lami. Lakini basi hilo huanzia Mpanda. Mtu wa Karema, kando ya ziwa, au wa makazi ya Mishamo, kabla hajawa abiria wa basi la mkoani, hana budi kwanza kufika Mpanda, na masika yanapokolea kufika Mpanda huwa ndiyo safari yenyewe.

Inafaa kukumbuka kwamba njia ya kwanza kubwa ya usafiri kufika Mpanda haikujengwa kwa sababu mtu yeyote alipima haja ya wakazi. Tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, lenye urefu wa kilomita 210, lilijengwa na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kusafirisha madini ya risasi, na hitaji lililopimwa lilikuwa la risasi. Watu walipata behewa kwa sababu injini ilikuwa inapita hata hivyo. Risasi ikaisha, watu wakabaki wakiitegemea reli hiyo, jambo ambalo lingetosha kumfundisha mpimaji yeyote unyenyekevu, kwani haja iliyodumu ni ile ambayo haikuwemo katika hesabu.

Je, haja ni nini hasa, na inapata wapi nguvu ya kumdai mtu mwingine? Wanazuoni wa usuli-l-fiqhi, yaani elimu ya misingi ambayo kwayo hukumu za sheria ya Kiislamu huchimbuliwa, walilishughulikia swali hili kwa makini karne nyingi kabla ya wapangaji wa usafiri. Al-Juwayni, aliyefariki 1085, mwanafunzi wake al-Ghazali, aliyefariki 1111, na baadaye al-Shatibi wa Granada walitofautisha daraja tatu: dharura, ambayo ikikosekana huangamia dini, uhai, akili, kizazi au mali, haja, ambayo ikikosekana maisha huendelea lakini kwa dhiki na mashaka, na tahsini, yaani yale yanayoyapamba na kuyakamilisha maisha. Kiswahili kiliyapokea maneno mawili ya kwanza na kuyapa uenyeji, ila la tatu halikuingia mitaani, na nafasi yake ikashikwa na neno "anasa". Mabadiliko hayo si madogo, kwa sababu tahsini haikuwa na lawama ndani yake, ilhali anasa inanuka ubadhirifu. Mzungumzaji wa Kiswahili anapoondoka kwenye haja hana pa kutua, huangukia moja kwa moja kwenye kosa, na hivyo safari ambayo si ya hospitali wala ya biashara huonekana upesi kuwa ni ya kutalii tu.

Ugumu wa daraja hizi huonekana pale basi linapoulizwa ni la daraja gani. Mama mwenye uchungu wa kuzaa ambaye zahanati ya kijiji imempa rufaa ya kwenda hospitali Mpanda yumo katika dharura bila ubishi. Mchuuzi wa migebuka kutoka Ikola, ambaye samaki wake wataoza wasipofika sokoni, yumo katika haja inayoegemea dharura. Mwanafunzi anayerudi shule ya bweni yumo katika haja. Kuhusu watu wa namna hii al-Juwayni alikuwa na kanuni yenye maana kubwa, kwamba haja ikiwa ya umma mzima hushika mahali pa dharura. Sababu yake inaeleweka: mtu mmoja akikosa jambo la haja huvumilia, na jirani humsaidia kuvumilia, lakini eneo zima likikosa jambo lilelile kwa wakati mmoja, hakuna jirani aliyesalia wa kusaidia. Kukosekana kwa basi kwa mtu mmoja ni usumbufu, ila kukosekana kwake kwa tarafa nzima, mwaka hata mwaka, kunageuza bei ya mazao, umri wa kuolewa, uwezekano wa mwalimu kukubali kupangiwa kijiji hicho, na hata nani atazikwa na nani.

Suala la kuzika linastahili kutulia nalo, kwa sababu ndilo ambalo hojaji za wapimaji hulipita haraka. Hojaji, yaani karatasi ya maswali yaliyopangwa, kwa kawaida humuuliza mtu kama anasafiri kwa matibabu, elimu, biashara, kazi, au "mengineyo", na msiba hutumbukizwa katika mengineyo pamoja na ngoma ya harusi, kutembelea wakwe na kwenda kuhiji. Mtu aliyekulia Katavi, au popote Tanzania, anajua kwamba safari ya msiba haiahirishwi, haichaguliwi siku, hukopewa fedha, na kwamba asiyefika msibani hubeba jambo hilo kwa miaka. Katika mkoa ambao sehemu kubwa ya wakazi wake wametoka kwingine, ambako mzee wa ukoo yuko Shinyanga au Sumbawanga na kaburi la baba liko huko huko, msiba ndio kipimo kikali kuliko vyote cha kama mtu ameunganika na walio wake au amekatika. Mwanafalsafa wa Kifaransa Simone Weil, katika kitabu alichokiandika London mwaka 1943, mwaka aliofariki, alidai kwamba wajibu hutangulia haki, kwamba njaa ndiyo mfano wa kila haja kwa kuwa hakuna anayebishana kama mwenye njaa alishwe, na kwamba roho nayo ina njaa zake, mojawapo ikiwa ni ya kuwa na mizizi. Weil alikuwa akiiwazia Ufaransa iliyokaliwa na majeshi ya Ujerumani, lakini hoja yake inasafiri vizuri: kwa mhamiaji wa wilaya ya Mlele mizizi haiko ardhini anapolima, iko kilomita mia kadhaa kutoka hapo, na humwagiliwa kwa nauli. Kuiita safari hiyo anasa ni kutoielewa, na kuiita "mengineyo" si afadhali sana.

Hapa linazuka tatizo la pili, gumu kuliko la daraja, nalo ni kwamba haja inaweza kunyamaza. Hakuna mahali Katavi panapolionesha jambo hili wazi kama makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Kwa miongo kadhaa mkazi wa makazi hayo hakuruhusiwa kutoka nje ya mipaka yake bila kibali, na aliyetoka bila kibali alikuwa amevunja sheria. Zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo, wakiwamo wa Ulyankulu mkoani Tabora, walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na vyeti vyao vikaanza kugawiwa kwa wingi mwaka 2014. Mpimaji ambaye angekaa kwenye lango la Mishamo mwaka 1990 akihesabu abiria angeandika idadi ndogo, na kwa kipimo chake angekuwa sahihi kabisa. Angehitimisha kwamba watu hawa, ambao ni wakulima hodari na wenye ndugu katika pande tatu za ziwa, hawana haja kubwa ya kusafiri. Kibali kilipoondoka, haja haikuzaliwa siku hiyo.

Kuna namna ya ukimya iliyo ya ndani zaidi ya ile ya kibali. Jon Elster, mwanafalsafa wa Norway, aliitungia kitabu mwaka 1983 na kukipa jina kutokana na ngano ambayo watoto wa shule za Kiswahili wanaijua kwa sura ya sungura aliyezirukia ndizi, akazikosa, akaondoka akisema "sizitaki mbichi hizi". Elster aliita hali hiyo upendeleo uliojirekebisha, yaani mtu kuacha kutaka kile alichokwisha kujua hatakipata, ili asiishi na uchungu wa kukitaka. Sungura wa ngano huchekwa kwa kuwa anajidanganya waziwazi. Mwanakijiji wa mbali na barabara hajidanganyi. Amepunguza matakwa yake kama fundi cherehani anavyopunguza suruali, kwa kuzingatia kitambaa kilichopo. Akiulizwa kama anahitaji basi la kwenda Tabora anaweza kujibu kwamba hana shughuli Tabora, na jibu hilo likawa kweli, kwa sababu hakuwahi kupata nafasi ya kuwa na shughuli Tabora. Ndiyo maana Amartya Sen, mchumi wa India, alipotaka kueleza kwamba ustawi haupimwi kwa vitu wala kwa furaha bali kwa yale ambayo mtu anaweza kuyafanya na hali anazoweza kuwa nazo, alichagua mfano wa baiskeli: chuma ni kitu, raha ya kuendesha ni hisia, lakini kilicho muhimu ni uwezo wa kufika, ambao mwenye baiskeli anao hata siku anayoamua kubaki nyumbani. Tofauti kati ya aliyebaki nyumbani kwa hiari na aliyebaki kwa kukosa gari haionekani kwa mtu anayehesabu vichwa stendi.

Historia ya Karema inatoa ushahidi wa upande mwingine. Mwaka 1889 alifika huko Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi za jirani na Timbuktu, aliyetekwa utumwani utotoni, akakombolewa na Mapadre Weupe na kusomeshwa utabibu Malta, na akafanya kazi mwambaoni hapo akiwa daktari na katekista hadi alipofariki 1956. Kabla yake hakukuwa na foleni ya wagonjwa Karema, kwa sababu hakukuwa na wa kupangiwa foleni. Wagonjwa walijitokeza alipojitokeza mganga, na ugonjwa ulikuwapo siku zote. Huduma, basi, haijibu haja tu. Huipa mahali pa kuonekana.

Hata hivyo si kila gari linalopita huipa haja mahali hapo, na jambo linaloamua ni saa. Magari madogo yanayohudumia njia za vijijini, hiace, Noah na zile Probox ambazo watu huziita michomoko, kwa sehemu kubwa huondoka yakijaa. Mwenye gari ana hoja nzito, maana mafuta hayajui kama viti vimekaliwa. Lakini utaratibu wa kuondoka likijaa unamhamishia abiria gharama ambayo haiandikwi popote, yaani muda wake, na unamwondolea kitu ambacho ratiba humpa, nacho ni ahadi. Ratiba, kwa maana yake ya kimaadili, ni ahadi anayopewa mtu asiyejulikana: kwamba saa fulani gari litaondoka, akiwapo au asiwapo, na kwa hiyo anaweza kumwambia muuguzi, mnunuzi wa mpunga au shemeji yake kwamba atafika siku fulani. Aliyeahidiwa anaweza naye kuahidi. Asiyeahidiwa hawezi, na hutokea mtu mzima mwenye heshima zake akaonekana kigeugeu mbele za watu kwa sababu tu gari lilikosa abiria wawili. Ruhusa ya mabasi kusafiri usiku, iliyorudishwa mwaka 2023 baada ya zuio la muda mrefu, imepanua uwezekano huo kwa njia kuu. Barabara za vumbi haikuzifikia.

Linabaki swali la nani anadaiwa. Si haki kumlaumu mwenye basi mmoja kwa kutopeleka gari lake mahali litakapomfilisi, na wahubiri wanaofanya hivyo hupoteza shabaha. Elimu ya fiqhi ina wazo linalofaa zaidi, fardhi kifaya, yaani wajibu unaouangukia umma kwa ujumla, ambao wakiutekeleza wa kutosha wengine husamehewa, na asipotokea wa kuutekeleza dhambi huwa ya wote wenye uwezo. Mfano wake wa darasani ni kumwosha na kumzika maiti, lakini wanazuoni waliingiza humo utabibu, ufundi na biashara ambazo mji hauwezi kuishi bila hizo. Basi la Karema liko katika kundi hilo: hakuna mtu mmoja wa kunyooshewa kidole, na kwa sababu hiyohiyo hakuna anayejiona mdeni. Mafundisho ya jamii ya Kanisa Katoliki, yenye wasikilizaji wengi katika jimbo la Mpanda, hufika karibu na hapo kwa njia ya kanuni ya auni, iliyofafanuliwa na Papa Pius wa 11 mwaka 1931, kwamba chombo kikubwa kisimnyang'anye mdogo kazi anayoiweza, ila kimsaidie anapozidiwa. Na kijiji kilicho zaidi ya kilomita mia kutoka lami kimezidiwa.

Tanzania haikosi mazoea ya kulipa deni la namna hii. Katika miaka ya 1970 ilikuwa na KAMATA, Kampuni ya Mabasi ya Taifa, ambayo haikudumu. Kwa umeme wa vijijini ilitungwa sheria mwaka 2005 iliyounda wakala na mfuko, na kwa mawasiliano nako upo mfuko wa kuyafikisha pale ambapo kampuni hazioni faida. Mfuko wa Barabara hugharimia matengenezo ya barabara, si gari linalopita juu yake, kana kwamba lami peke yake hubeba watu. Marekani, nchi isiyosifika kwa ukarimu kwa mabasi, ina sheria tangu 1991 inayotaka kila jimbo litenge asilimia 15 ya fedha za serikali kuu za usafiri wa vijijini kwa ajili ya mabasi ya kuunganisha miji, isipokuwa gavana athibitishe kwa maandishi kwamba mahitaji hayo yametoshelezwa. Kifungu hicho kinahitaji kusomwa kama fumbo la kidini, kwa sababu kinamtaka kiongozi aweke saini yake chini ya madai kuhusu maisha ya watu ambao hakuna aliyewahesabu.

Pingamizi kubwa kuliko yote linatokana na mfano wa Injili ambao mara nyingi hutumiwa kulifunga jambo hili, ule wa mchungaji aliyewaacha kondoo 99 akamtafuta mmoja aliyepotea. Mfano hausemi nani aliwalinda wale 99, na mpangaji wa usafiri hana ruhusa ya kulikwepa swali hilo. Fedha inayoendesha gari kwenda kijiji chenye kaya 200 ni fedha ambayo haikununua gari la wagonjwa Mpanda mjini, ambako wanaopona ni wengi zaidi. Kinachoweza kusemwa ni kwamba mchungaji hakuhamia kwa kondoo mmoja. Alikwenda na akarudi. Haja ya mbali haidai usawa wa huduma, haidai basi la kila saa wala la kila siku. Inadai isiachwe katika sifuri, na umbali kutoka sifuri hadi moja ni mkubwa kimaadili kuliko ule kutoka ishirini hadi ishirini na moja, hata kama mhasibu ataona nyongeza ni ileile.

Kwa Katavi hilo lina sura ya kawaida kabisa: gari moja lililopangiwa siku mbili za juma, siku zinazoendana na mnada au kliniki, likiondoka saa iliyotangazwa hata kama nusu ya viti ni vitupu, na nakisi yake ikilipwa na halmashauri kutoka katika mfuko unaojulikana. Baada ya msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi, mpimaji hatakwenda kuhesabu viti. Atakwenda zahanati kuangalia kama muuguzi ameanza kuandika tarehe za marudio zinazoangukia siku za gari, na msikitini na kanisani kuuliza kama familia sasa humngoja ndugu wa mbali kabla ya kuzika.